Mdomo wa Daktari

Mwalimu Boniface alizikwa Masieda, kwenye boma la baba yake, siku ya baridi ya kawaida ya huko: ukungu mpaka saa nne, kisha jua lisilo na nguvu. Nilikwenda kwa sababu bila yeye nisingekuwa nesi. Ndivyo nilivyowajibu wanangu waliponiuliza marehemu ni ndugu yetu wa upande gani, na zaidi ya hapo sikuwaambia. Nilistaafu mwaka juzi. Siku ya kuniaga walinipa cheti, kitenge na hotuba, na katika hotuba ile kijana mmoja wa utawala akasema kuwa hakuna mgonjwa aliyewahi kudanganywa na mimi. Watu wakapiga makofi. Nami nilicheka pamoja nao, halafu nikaomba maji ya kunywa.

Baada ya maziko tulikaa kwenye maturubai tukisubiri chakula, na ndipo nilipomwona mwanamke mzee aliyekaa peke yake ng'ambo ya njia, kwenye kibaraza cha jirani, amejifunika shuka mpaka puani. Msichana alikuwa anamvushia sahani ya wali. Karibu na yule bibi, barabarani, walisimama wanaume wawili watu wazima, mmoja ana mvi, wameshika kofia zao mikononi. Nilikumbuka kuwa hata jeneza lilipopita walikuwa pale pale, na hawakuja kulibeba. Msichana aliporudi nikamuuliza yule bibi mbona anakaa kule. "Yule ni dada wa marehemu," akasema. "Yeye haingii humu, bibi." Nikauliza kama ana ugomvi na mtu. "Hapana. Alikatazwa na baba yake, zamani sana, mimi sijazaliwa. Alimkataza yeye na watoto wake. Wale pale ndio wanawe. Halafu mzee mwenyewe alikufa hajaliondoa neno lake, kwa hiyo limebaki. Hata nyumba yao ya Jorodom, kule Katesh, ilichukuliwa na yale matope yaliyoporomoka mlima Hanang, watu wakasema, mnaona?" Alisema hivyo huku anahesabu vijiko, maana kwake ilikuwa habari ya kawaida ya ukoo. Mimi chakula kilinishinda. Nilikaa na sahani mapajani kwa muda mrefu, nikiutazama mlango wa nyumba ambao yule mwanamke alikuwa hajaukanyaga tangu akiwa msichana.

Mwaka ninaotaka kuueleza nilikuwa na miaka ishirini. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayakumfurahisha mtu, nikapata kazi ya uhudumu katika hospitali moja huko Mbulu ambayo sitaitaja, kwa kuwa kosa ni langu, si lake. Kazi yenyewe ilikuwa kupiga deki, kumwaga vyombo vya wagonjwa, kuchemsha sindano na kufua mashuka yenye damu kwa maji baridi, maana maji ya moto hugandisha doa. Nilikaa chumba kimoja na wasichana wengine wawili nyuma ya jengo la kufulia. Kilikuwa na vitanda vitatu, dirisha moja lililozibwa kwa kadibodi, na harufu ya sabuni ya mche ambayo mpaka leo nikiisikia dukani nageuza uso. Jioni tulipika kande kwenye jiko la mkaa, tukala kwenye sufuria moja, tukawasengenya manesi. Ningeweza kusema tulikuwa na furaha, na kweli tulikuwa nayo, ila naona haya kuusifu mwaka ule.

Madaktari wetu wote walitoka mikoa ya mbali. Wazee wetu wa vijijini nao, wakati ule, Kiswahili chao kilikuwa cha mnadani, yaani salamu, bei ya ng'ombe na matusi mawili matatu. Kwa hiyo daktari alipotaka kumhoji mzee, alitafuta mtu yeyote aliye karibu anayejua Kiiraqw, na mara nyingi aliyekuwa karibu alikuwa mimi na ndoo yangu. Hakuna aliyenifundisha kutafsiri. Mwanzoni nilisema kila neno, polepole, kwa hofu. Baada ya miezi miwili nikawa fundi. Daktari akieleza kwa dakika tano, mimi nasema sentensi mbili. Mgonjwa akilalamika sana, namfupishia. Nikiona mtu hajafuata dawa, naongeza karipio la kwangu mwenyewe, na daktari anashangaa jinsi mgonjwa anavyoinamisha kichwa. Watu wa vijijini wakaanza kuniita mdomo wa daktari. Wakaniletea mayai, na mama mmoja wa Nambis akaniletea kuku mzima. Nilivimba kichwa, na nasema wazi, maana uongo wangu wa baadaye ulianzia kwenye kiburi kile. Nilishazoea kuwa mimi ndiye ninayeamua nini kivuke na nini kibaki.

Mzee Tluway aliletwa mwanzoni mwa mvua, amekalishwa mbele kwenye gari la kubeba mahindi, na mwanawe mkubwa, Mwalimu Boniface, amemshika bega. Alikuwa na miaka kama sabini, mrefu, mkavu, wa kupanda milima. Boniface alieleza kuwa mzee alianza kuchoka tangu mavuno. Yeye aliyekuwa akishuka bondeni na kupanda bila kupumzika, sasa hata kutoka zizini mpaka mlangoni anakaa chini njiani. Zahanati walimpa dawa ya malaria mara mbili, wakampa ya homa ya matumbo, homa ikashuka siku tatu ikarudi. Halafu fizi zikaanza kutoka damu, na mapajani yakatokea mabaka meusi bila kupigwa na kitu. Nilimvua shati mwenyewe. Ngozi ya kiganja chake ilikuwa imepauka kabisa. Alinitazama nikimkagua, akasema kwa Kiiraqw, "Binti yangu, kama unatafuta nyama ya kuchinja, hapa hamna kitu." Nilimpenda tangu hapo.

Daktari aliyempokea alikuwa Daktari Salehe, mtu wa Lindi, mpole, aliyevaa sweta mbili chini ya koti na bado akalalamika baridi. Fundi wa maabara aliangalia damu ya mzee kwenye darubini, akamwita daktari aje aone. Kesho yake vipande vya kioo vilivyopakwa damu yake vilifungwa kwenye pamba vikaenda na gari mpaka hospitali ya rufaa kuthibitishwa. Majibu yalirudi baada ya siku tisa kwenye bahasha ya kaki. Nilikuwa napiga deki mlangoni daktari alipoifungua. Alisoma, akavua miwani, akaniambia, "Niitie mwanawe. Na wewe usiende mbali, nitakuhitaji kwa mzee."

Alimweleza Boniface kwanza, kwa Kiswahili chake kile kizuri, nami nimesimama kando na fagio. Alisema ni saratani ya damu, ile kali, inayokwenda mbio. Alisema kwa kijana zipo dawa kali za kujaribu, tena mbali, Dar es Salaam, lakini kwa umri wa mzee dawa zile zingeweza kummaliza kabla ya ugonjwa wenyewe. "Tunaweza kumwongezea damu apate nguvu kidogo," akasema. "Tutatibu homa, tutatuliza maumivu. Lakini ni wiki, mwalimu, labda miezi miwili. Nitamwambia mwenyewe, ni haki yake. Kama ana jambo la kufanya nyumbani, alifanye sasa akiwa bado anaweza kusimama." Sentensi ile ya mwisho ningeweza kuisema hata nikiamshwa usingizini.

Daktari alipokwenda kunawa mikono, Boniface alinivuta pembeni, kwenye kichochoro cha kwenda jikoni ambako kuni zilipangwa. Alikuwa mwalimu mkuu, mtu anayeogopwa na kijiji kizima. "Mdogo wangu," akasema, "mzee hawezi kuambiwa hivyo. Unawajua wazee wetu. Akiambiwa siku zake, atageukia ukuta, hatakula tena. Wewe mwambie damu imepungua. Si uongo, damu si imepungua kweli?" Nikamwambia daktari amesema aambiwe. "Daktari hajui lugha yetu," akasema. "Wewe ndiye utakayemwambia. Ukimwambia, wewe ndiye utakayemuua." Simlaumu. Alimpenda baba yake na aliogopa, na kuna watu wengi nimewaona tangu hapo wakiomba jambo lile lile kwenye korido kama ile. Ningeweza kukataa. Ningeweza kumwambia Daktari Salehe atafute mdomo mwingine. Lakini mwalimu mkuu alikuwa ananiomba mimi, mpiga deki, tena ananiita mdogo wangu, na mimi nikaona nimekuwa mtu.

Wodi ya wanaume ilikuwa na vitanda kumi na viwili, na mzee alikuwa cha mwisho, dirishani. Daktari alivuta kiti akakaa, jambo ambalo madaktari hawakulifanya mara nyingi, akamshika mzee mkono. Akasema kila kitu, polepole, akinipa nafasi. Nami nikasema, "Baba, daktari anasema damu yako imepungua. Utaongezewa, itajaa, utarudi nyumbani." Mzee akatabasamu kwa meno yake yenye damu. Daktari akanitazama, akamtazama mzee, macho yakamlengalenga. "Ni mtu wa imani," akanong'ona. Kisha akasema, "Muulize anataka nini. Arudi nyumbani akae na watu wake, au abaki hapa tumsaidie? Mwambie uamuzi wote ni wake." Nikamgeukia mzee. "Daktari anauliza kama unakubali kubaki hapa mpaka damu ijae." Mzee akafikiri kidogo. "Nitabaki basi," akasema, "mpaka nipone." Nikamwambia daktari, "Anataka kubaki." Ndivyo mtu alivyochagua mahali pa kufia bila kujua kama ameulizwa. Daktari aliandika kwenye faili kuwa mgonjwa ameelezwa na ameelewa. Nimejaza mafaili mengi sana maishani, na kila nilipofika kwenye mstari ule kalamu ilinisimama.

Vijana wa ukoo walikuja kutoa damu, mzee akaongezewa chupa tatu, na kweli kwa siku nane hivi alifufuka. Alikula ugali na maziwa ya mgando niliyomletea kwenye kibuyu kidogo, akamtania mgonjwa wa jirani kuwa anakoroma mpaka mbuzi wa hospitali wanakimbia. Aliniuliza kwa nini sijaolewa, nikamwambia bado nasoma. "Unasoma ndoo?" akasema, wodi nzima ikacheka. Nikajiona nilifanya vema. Nilimwona anavyokula nikasema moyoni, huyu angeambiwa angekula hivi? Nilikuwa nikipita kitandani kwake mchana, kazi zikipungua, nikakaa ukingoni nikamsikiliza.

Siku moja, saa tisa, mvua inapiga mabati, aliniambia habari za binti yake Theresia. Alisema alikuwa mtoto wake wa kumpenda kuliko wote. Alipopata miaka kumi na tisa akatoroka na kijana wa Kibarbaig wa upande wa Hanang, watu ambao zamani walituchukulia ng'ombe na sisi tukawachukulia wao, na ndugu wawili wa mzee walikuwa wamekufa katika mambo hayo. Alipokuja kuomba radhi na mtoto mgongoni, mzee alisimama mlangoni pa nyumba yake, mbele ya majirani, akasema mguu wake usikanyage tena pale, wala mguu wa yeyote atakayemzaa. "Nililisema kwa hasira," akaniambia. "Lakini nililisema mlangoni." Kwetu sisi, neno kama hilo huondolewa na yule yule aliyelisema, pale pale alipolisema, yeye akiwa hai, na maziwa mdomoni ayanyunyize kizingitini. Mwingine hawezi kuliondoa kwa niaba yake. Akifa nalo, limebaki.

"Nimezeeka na ujinga wangu," akasema. "Kila mwaka najisemea, mwaka huu. Sasa ugonjwa huu umenitisha. Nikifika nyumbani jambo la kwanza ni hilo. Nimeshayapanga maneno." Akayasema, akiwa amefumba macho, kwa sauti ya kumwambia mtu aliye mbele yake: Theresia, njoo. Mguu wako uingie, na miguu ya wote uliowazaa. Nililolisema nimelimeza. Halafu akafumbua macho akanitazama kwa namna ambayo nilijua mara moja anataka nini. "Binti yangu, wewe ndiye mdomo wa daktari. Mimi naona sura za watu. Boniface akija hapa hanitazami. Kama kuna jambo jingine aliloambiwa, niambie. Silii. Nitawaambia wanibebe hata kwa machela mpaka mlangoni kwangu, nilimalize, nife. Kuna jingine?"

Alikuwa na nguvu bado. Njia ya Masieda ilikuwa haijakatika. Ilikuwa ni kusema neno moja. Nimejiuliza kwa miaka zaidi ya arobaini nilikuwa nawaza nini dakika ile, na jibu ni dogo na la aibu. Niliwaza kuwa nikisema sasa, atajua kwamba mara ya kwanza nilimdanganya. Atamwambia Boniface, Boniface atamlaumu daktari, daktari atajua nilichomtafsiria, nami nitafukuzwa kazi na kurudi kijijini na sanduku langu. Sikuwaza moyo wa mzee. Nilijiwaza mimi. Nikamfunika miguu kwa blanketi nikasema, "Hakuna jingine, baba. Damu ikijaa utakwenda." Akashusha pumzi. "Basi sawa," akasema. "Nitangoja."

Homa ilirudi wiki ile ile. Akaongezewa damu tena, lakini safari hii haikumpa hata siku mbili. Midomo ikaota vidonda, maziwa yakamshinda, akawa anapewa uji mwepesi kwa kijiko. Pua ikaanza kutoka damu isiyokoma, tukawa tunambadilishia mashuka mara tatu kwa siku, na mimi ndiye niliyeyafua. Daktari Salehe alipita kila asubuhi, akimsifu kwa uvumilivu, na mimi nikimtafsiria mzee kuwa daktari anasema ajikaze. Siku moja kabla ya kufa aliniita kwa mkono. Niliinama. "Bado haijajaa tu?" akauliza. Nikasema inakaribia. Mchana wa kesho yake alisema apelekwe nyumbani, akasema tena na tena, lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara ya Masieda na gari la hospitali lilikuwa limekwama njiani na mgonjwa mwingine. Alikufa saa kumi jioni, jua limetoka, watu wa kuangalia wagonjwa wamejaa wodini na vikapu vyao vya chakula.

Theresia alifika asubuhi ya pili yake. Habari za ugonjwa zilikuwa zimechelewa kumfikia kule Katesh alikoolewa, akapanda magari mawili na sehemu nyingine akatembea kwenye matope. Nilikuwa getini natupa takataka. Mwanamke kijana, miguu ina udongo mpaka magotini, amebeba kibuyu cha maziwa. Akaniuliza kwa Kiiraqw wodi ya wanaume iko wapi, akataja jina la baba yake, na sura yangu ikamjibu. Hakupiga kelele. Alikaa chini palepale kwenye majani. Nilimletea maji kwenye kikombe cha bati, nikakaa naye. Akanywa kidogo, akauliza, "Ulikuwepo? Alinitaja? Alisema neno lolote?"

Uongo wa kwanza niliombwa. Wa pili niliogopa. Huu wa tatu sina la kuusingizia. Mzee alikuwa amekufa, hakuna wa kunifukuza kwa sababu yake, na maneno yake yote nilikuwa nayo kichwani, mabichi. Lakini ningemwambia alitaka kuliondoa, angeuliza kwa nini hakurudi nyumbani kuliondoa. Nikasema, "Hapana, dada. Alikuwa amezidiwa. Hakuweza kusema." Akaitikia kwa kichwa. Alimwaga yale maziwa chini, taratibu, kwenye majani ya getini, akanishukuru kwa maji, akaondoka. Mazishini hakwenda.

Mwisho wa mwaka ule Boniface alizungumza na matroni kwa ajili yangu, akaniandikia barua ya sifa, nikapata nafasi ya chuo cha uuguzi. "Wewe una mdomo wa nesi," aliniambia. Nilisoma, nikafaulu, nikafanya kazi Babati, Dareda, Katesh kwenyewe. Miaka kadhaa nilikaa Katesh, mji mdogo ule, na mara mbili nilimwona Theresia sokoni akiuza vitunguu, nikabadili njia. Wagonjwa wangu niliwaambia ukweli, wote, hata ndugu zao waliponishika mkono kwenye korido, na watu waliniona nina msimamo. Msimamo gani? Nilikuwa nalipa deni langu kwa watu wengine. Mimi ni mtu wa hospitali, siamini kwamba neno la mzee linaweza kuporomosha mlima. Lakini Theresia aliamini, na wanawe waliamini, na kijiji kizima kiliwatazama kwa jicho hilo, na mimi peke yangu duniani nilijua kuwa baba yao alikuwa ameshawasamehe.

Basi siku ya maziko ya Boniface niliweka sahani chini, nikavuka njia. "Shikamoo, dada," nikasema. "Marahaba. Karibu ukae." Alinipisha kwenye mkeka, akanichunguza kwa macho yaliyoingia ukungu wa uzee. "Wewe nakujua," akasema. "Wewe ni yule binti wa getini. Uliniletea maji. Siku ile hakuna mwingine aliyenisemesha, hata ndugu zangu walipita pembeni. Nimekuombea miaka yote hii, jina lako silijui, nasema tu, Mungu, yule wa kikombe." Sijawahi kupigwa kofi zito kuliko hilo. Nikamwambia, "Dada, usiniombee. Ngoja kwanza nikwambie."

Nilimwambia. Nilianza vibaya, nikarudi nyuma, nikamwambia maneno ya daktari, kichochoro cha kuni, kitanda cha dirishani, mvua kwenye mabati. Nilimwambia baba yake aliniuliza kama kuna jingine, na nilichomjibu. Nilipofika kwenye maneno aliyoyapanga, nikayasema kwa Kiiraqw, kama alivyoyasema, na yalitoka yote, hakuna lililopotea. Theresia hakusogea. "Sema tena," akasema. Nikasema tena. "Alisema na niliowazaa?" Nikamwambia ndiyo, alisema miguu ya wote uliowazaa. Akajifunika uso kwa shuka, mabega yakamtikisika, na wanawake upande wa pili wa njia wakaacha kupakua wakatutazama.

Alipofunua uso machozi yalikuwa yamekauka. "Boniface alijua maneno haya?" Nikasema hapana, sikumwambia mtu. "Mimi nilikuwa napita hapa kila mwaka mvua zikiisha," akasema. "Nasimama kwenye njia hii naitazama nyumba. Nilimzika mume wangu, nikamzika mjukuu, nikawa nasema, baba, basi, imetosha. Na wewe ulikuwa wapi?" Nikasema nilikuwa Katesh. "Katesh," akarudia. Nikasema samahani, dada, nisamehe, na neno lenyewe likawa dogo mno kinywani. Hakulijibu. Mpaka leo ninapoandika haya hajalijibu, nami sina haki ya kulidai.

Aliwaita wanawe. Walikuja, Gidamis yule wa mvi, na Petro, wakanipa shikamoo kwa heshima, maana hawakujua mimi ni nani. Walichuchumaa mbele ya mama yao. "Huyu mama ana maneno ya babu yenu," akawaambia. Kisha akanigeukia. "Sema kwa Kiswahili. Hawa wamekulia kwa baba yao, Kiiraqw hawakipati vizuri. Na usipunguze." Nikajifuta macho. Nikawatazama wale wanaume wawili, nikaanza, "Babu yenu alisema, Theresia, njoo. Mguu wako uingie..."

Theresia akanishika mkono kwa nguvu, akanikatiza.

"Hapana," akasema. "Anza pale ulipodanganya."